Ngozi Iliyokataa Gundi

Watu wakiona kifaa changu cha sukari huniuliza kama kinauma. Hakiumi. Kilichonitesa mimi ni gundi yake, na kwa muda mrefu hakuna aliyelijua hilo, hata mimi mwenyewe, kwa sababu nani angeifikiria gundi? Najidunga insulini tangu nikiwa kidato cha pili. Sindano nimezizoea kama wengine walivyozoea mswaki, na nilikuwa najidai kwamba mwili huu hauna jipya la kunionyesha.

Kifaa chenyewe ni kidogo, cha duara, kama kifuniko cha chupa ya maji. Unakibandika nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, kinaingiza uzi mwembamba chini ya ngozi, na ukikisogezea simu kinakuambia sukari imefika wapi. Ikishuka sana, simu inapiga kelele. Dada yangu aliyeko Dar es Salaam ndiye aliyenitafutia na kunitumia, akanielekeza kwa simu ya video huku akinicheka nilivyokuwa nimefumba macho.

Nilikihitaji kwa sababu moja, na waliokuwa wanaijua ni mimi, mume wangu na daktari wangu wa sukari. Mimba yangu ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi mitano. Sukari yangu wakati ule ilikuwa inapanda na kushuka itakavyo, na daktari alituambia bila kuzungusha maneno: msijaribu tena mpaka itulie, na itulie kwa muda, si kwa wiki moja ya kunifurahisha mimi. Mkipata kifaa cha kuifuatilia mchana na usiku, alisema, mtakuwa mmejisaidia sana. Kwa hiyo ule mduara mkononi kwangu haukuwa pambo wala ujuaji wa kisasa. Ulikuwa njia ya kupata mtoto.

Tunaishi Magomeni, hapa hapa Kilosa mjini, nyumba moja na mama mkwe wangu. Ni mama mwenye maneno machache na macho mengi. Kwao mimba haitangazwi, na mimba ambayo bado haipo hata kutajwa haitajwi. Mume wangu, fundi wa matrekta, mtu anayeweza kukueleza gia moja kwa saa nzima, alipoulizwa na mama yake nimeweka nini mkononi alijibu, "Mambo ya hospitali tu, mama." Akaona kazi imekwisha.

Upele ulianza na kifaa cha tatu au cha nne. Kwanza mwasho, kisha wekundu, kisha vilengelenge vidogo vilivyopasuka na kutoa maji. Nikasingizia joto. Kilosa mwezi wa kumi na mbili hata ukuta unatoka jasho, seuze mtu. Nikabadilisha sabuni. Nikahamia mkono wa pili, na baada ya siku chache mkono wa pili nao ukaanza kuwaka. Nikajaribu tumboni, ikawa yale yale. Nilianza kuvaa mikono mirefu shuleni ninakofundisha, na nyumbani pia, kwa sababu nilikuwa naona haya na kwa sababu niliogopa. Niliogopa kwamba nikimwonyesha daktari ataniambia neno moja: toa.

Basi nikajitangulia, nikakitoa mwenyewe ili ngozi ipumzike. Ngozi ikafurahi. Lakini siku moja nikiwa nimesimama ubaoni, darasa la tano, naandika sehemu za mmea, chaki ikaanza kunizidi uzito. Naona herufi zinaelea. Nikajua sukari imeshuka, lakini nilishachelewa kujua. Miaka yote hii ya ugonjwa imeniibia dalili za mapema, sitetemeki tena wala sitoki jasho kama zamani. Mwalimu mwenzangu wa darasa la jirani aliposikia watoto wanapiga kelele alikuja, akanikuta nimekaa sakafuni nimeshika chaki kama mshumaa. Alinimiminia soda mdomoni huku akinitukana kwa upendo. Nilipopata akili nililia, na sikulilia chaki. Nililia kwa kuwa niliwaza: kama ningekuwa na mtoto tumboni, je?

Jioni ile nikakibandika tena, pembeni ya kidonda. Nikauma meno.

Sasa mama mkwe. Siku moja jikoni maji ya ugali yaliruka, akanivuta mkono kuniepusha. Vidole vyake vikagusa lile duara gumu chini ya mkono wa gauni. Akaniachia pale pale, kama ameshika chuma cha moto. Tangu siku hiyo nikimwamkia shikamoo ananiitikia marahaba ya juu juu, macho yapo kwenye sufuria. Zamani alikuwa akirudi sokoni ananiletea hata tango moja, anasema la mwenye sukari hili, sasa akawa anarudi na vyake. Nilidhani amechoka na ugonjwa wangu. Nina hasira za karibu, nami nikaanza kununa. Nyumba moja, wanawake wawili, kila mmoja anafagia upande wake wa uwanja.

Mambo yalipasukia msibani, Munisagara.

Baba mkubwa wa mume wangu alifariki, mzee wa miaka mingi, msiba wa aina ile ambayo watu wanalia kidogo kisha wanakula vizuri. Tukaenda ukoo mzima. Na kwenye misiba ya ukoo wao watani hawakosekani. Asiyeujua utani wetu atadhani ni wendawazimu: watu wa ukoo fulani wana ruhusa ya kuja kwenye kilio chenu, wakavaa koti la marehemu, wakaigiza alivyokuwa anatembea, wakadai wapewe kuku, wakawaambia wafiwa maneno ambayo mtu mwingine akiyasema angepigwa. Na sheria ni moja: mtani hakasirikiwi. Ukikasirika wewe ndiye umekosa adabu.

Siku ya tatu, baada ya dua, tumekaa wanawake kwenye majamvi tunachambua mchele. Akaja mtani mmoja, mama mtu mzima, amevaa kofia ya marehemu imemfunika mpaka nyusi, anachechemea na fimbo yake kama yeye mzee mwenyewe. Watu tayari wanacheka. Akapita akimkagua mmoja mmoja, huyu anamwambia mvivu, yule anamwambia chungu chake hakina chumvi. Akafika kwangu. Akasimama. Akanishika mkono, pale pale penyewe, akaubinya akaunyanyua juu kama anayepiga mnada.

"Jamani njooni mwone!" akapaza sauti. "Mimi mzee nimekufa, nataka mtoto wa kuchukua jina langu. Kumbe jina langu limefungiwa kufuli humu! Mkwe wenu kaweka kijiti!"

Kicheko kilianza, kikakatika katikati. Kijiti ni kile cha uzazi wa mpango, kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono ili mwanamke asishike mimba kwa miaka. Kila mwanamke pale alikuwa anakijua, na wengine walikuwa nacho. Nikawaona wanavyoangaliana, nikajua kwamba habari hiyo haikuzaliwa pale. Ilikuwa imeshatembea nyumba nyingi kabla ya kuvaa kofia ya marehemu. Nikageuza shingo kumtafuta mama mkwe. Alikuwa ameinamia ungo wake, anauchambua mchele ambao haukuwa na jiwe hata moja.

Damu ilinichemka. Ningekuwa nimeambiwa maneno yale na mtu mwingine yeyote, ningemmwagia ungo. Mimba yangu ilitoka, nilikaa miezi nikiogopa hata kuona nepi kwenye kamba ya jirani, halafu watu wanakaa wanasema nimejifunga! Lakini aliyesema ni mtani, na mtani hakasirikiwi. Unajibu kwa njia yake au unanyamaza. Kunyamaza sikuweza.

"Babu," nikamwambia, maana alikuwa na kofia ya babu, "wewe umekufa hujui dunia ilivyobadilika. Kijiti gani hicho kinachosoma sukari?" Nikakunja mkono wa gauni mpaka begani mbele ya wote. Nikasogeza simu, ikalia, namba ikatokea, nikamwonyesha. "Hii ndiyo sukari yangu. Lete na mkono wako tuone wewe umekunywa vikombe vingapi vya chai ya msiba."

Walicheka mpaka mmoja akaangusha ungo. Mtani mwenyewe alikaa chini kwa kicheko, kofia ikaanguka. Lakini waliokuwa karibu waliacha kucheka upesi, kwa sababu waliuona mkono. Kulikuwa na duara la kifaa, na kandokando yake alama za maduara mengine ya zamani, mekundu, meusi, yenye magamba, moja bado bichi. "Uwii, mwanangu," akasema yule mtani, kwa sauti yake mwenyewe sasa, "hiki kinakula nyama." Nikashusha mkono wa gauni. Nilipoinua macho nikakuta mama mkwe amesimama, ungo mkononi, ananitazama mkono uliokwisha kufunikwa.

Tulipofika nyumbani alinifuata chumbani, jambo ambalo si kawaida yake, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Kile kitu," akasema. "Kumbe si cha kuzuia."

"Si cha kuzuia, mama. Daktari alisema sukari ikitulia ndiyo tujaribu tena. Kile ndicho kinachoniangalia."

Akasema, "Mimi nilikaa nikasema, kama hataki kuzaa na mwanangu, angeniambia." Akajifuta uso kwa upande wa khanga. "Nilikasirika na wewe. Nilikuwa nakasirika mpaka kwenye swala."

Nilitaka kumwambia na mimi nilikasirika, ila yeye ni mama na mimi ni mkwe, na isitoshe nilikuwa nalia. Alinikunja mkono wa gauni mwenyewe, akautazama mkono kwa karibu, bila kuugusa. Akauliza nikikitoa tutajuaje sukari imetulia. Nikamwambia hatutajua. Akauliza na nikiendelea nacho? Nikamwambia ngozi itaisha, sina tena pa kukibandika.

"Basi twende hospitali," akasema. "Mimi na wewe. Huyo mwanangu abaki na matrekta yake."

Tuliambiwa Mikumi kuna daktari wa ngozi anayekuja mara chache kutoka mbali, na kwamba kipindi kile yupo. Mama mkwe ana mdogo wake pale Mikumi, tukafikia kwake. Asubuhi tukaenda, tukakaa kwenye benchi mpaka nikazijua nyufa zote za sakafu. Nilikuwa nimekwisha kuisikia ile hukumu masikioni: mama, hiki kitu hakikufai, toa.

Daktari alikuwa dada mwembamba mwenye miwani, hana haraka. Aliushika mkono wangu akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Hakuniuliza habari ya chakula wala sabuni. Aliniomba nitazame mwenyewe upele umeishia wapi. Nikatazama. Uliishia pale pale plasta ilipoishia, mstari umenyooka, kama umekatwa kwa mkasi. Nje ya mstari hakuna hata kipele kimoja.

"Si joto, na si sukari," akasema. "Ngozi yako inaikataa gundi. Mara ya kwanza na ya pili iliivumilia, kisha ikaitambua, na sasa kila ikiigusa inapigana nayo. Haitasahau."

"Kwa hiyo nitoe," nikasema. Niliona bora nilitamke mimi.

"Nimesema inaikataa gundi hii. Sijasema inakataa zote. Ngoja tuiulize."

Namna ya kuiuliza ilikuwa hivi: alikata vipande vidogo vya plasta za aina mbalimbali, pamoja na kipande cha gundi ya kifaa changu, akanibandika mgongoni kwa mistari, akaweka alama kwa kalamu. Kile cha kifaa akakiweka juu kabisa. Nikae navyo siku kadhaa, nisiloweshe mgongo, nisijikune, nirudi avitoe.

Nisiloweshe mgongo, Mikumi, wakati wa joto! Mwanamke wa kwetu asipooga mara mbili anajiona mgonjwa. Hapo ndipo nilipomjua mama mkwe. Kila asubuhi na kila jioni aliniweka kwenye kigoda uani, akanifuta kwa kitambaa kibichi, shingo, mabega, makwapa, akiuzunguka mgongo kama mtu anayepiga deki chumba chenye mtoto aliyelala. Nikipeleka mkono nyuma ananipiga kofi la vidole. "Usikune!" Mdogo wake alipotaka kunikumbatia, mama mkwe alijitupa katikati akapokea yeye kumbatio lile. Mchana mgongo uliponiwasha mpaka machozi yananitoka, alikaa nyuma yangu akanipepea kwa mfuniko wa ndoo, akinisimulia alivyomzaa mume wangu shambani Mamboya, mvua inanyesha, yeye peke yake na shangazi yake. Hakuwahi kunisimulia habari hiyo. Na mimi nilimsimulia ya ile mimba iliyotoka, yote, hata yale ambayo mume wangu hayajui.

Siku ya kurudi, daktari alinikalisha nimempa mgongo, akamwita mama mkwe aje asimame upande wake aone. Plasta zikabanduliwa. Mimi naona ukuta tu, na kalenda ya zamani. Nasikia pumzi zao.

"Hapa kumevimba," akasema mama mkwe. Hiyo ilikuwa ya juu, gundi ya kifaa. Niliijua hata bila macho, ilikuwa inaniwaka kama kaa la moto. "Hapa kumevimba. Hapa pia, hata pametoa maji. Hapa pekundu." Moyo wangu ukawa unashuka kila anaposhusha kidole. Nikajiambia: basi, imekwisha, utazeeka ukifundisha watoto wa watu.

"Hapa..." Kidole kikasimama.

"Mama, hapo vipi?"

"Ngoja, niangalie vizuri." Nikasikia anainama, pumzi yake ikanigusa mgongoni. "Hapa hakuna kitu."

"Angalia tena, mama."

"Mwanangu, hakuna kitu. Ni ngozi. Ni mgongo wako tu."

Nilishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeishikilia tangu Munisagara. Daktari akahakikisha, akaguna kwa kuridhika. Kile kipande kilichosamehewa kilikuwa cha plasta nene laini ya kufunikia vidonda, yenye gundi ya aina nyingine kabisa. Akanionyesha: nibandike hiyo kwanza, katikati niwe nimetoboa tundu dogo la kupitisha ule uzi, kisha kifaa kikae juu yake bila kugusa ngozi. Akanipa na dawa ya kupaka kwenye vidonda vya zamani mpaka vikauke kabisa kabla sijaanza. Tulipotoka nje mama mkwe alikuwa anacheka peke yake kama mtu aliyeokota kitu. Nyani walikuwa wamekaa juu ya ukuta wa hospitali wakitukodolea macho, akawapungia mkono.

Tatizo lililobaki lilikuwa mafuta. Plasta ile haishiki kwenye ngozi yenye mafuta, kwa hiyo kipande kile cha mkono kisipakwe. Mama mkwe alikubali yote ya daktari isipokuwa hilo. Mkwe wake atoke nyumbani na sehemu imepauka? Watu watasema humu ndani hata mafuta hakuna! Tulibishana juu ya kisehemu cha mkono chenye upana wa kikombe kuliko tulivyowahi kubishana juu ya jambo lolote. Niliposhinda alinifungia khanga begani kila nilipotoka, asije mtu akaona.

Ngozi ilinyamaza. Wiki ya kwanza nilikuwa naichungulia kila saa, ya pili nikaisahau. Simu ikilia mezani, mama mkwe anaacha anachofanya ananiletea juisi kabla sijainuka. Miezi ikapita, namba zikatulia, na daktari wangu wa sukari akazitazama, akatutazama na sisi, akasema, "Haya, sasa." Mume wangu, mtu wa gia, alimshika daktari mkono akausukasuka mpaka nikaona aibu.

Niliposhika mimba hatukumwambia mtu. Mama mkwe alijua bila kuambiwa, na yeye hakuniambia kwamba anajua. Tuliishi hivyo, nyumba nzima inatembea kwa ncha za vidole. Mwezi wa tano wa mimba ulipoingia sikuwa nalala vizuri, na kupitia ukuta nilimsikia naye halali. Nikapima, nikala, nikapima. Mtoto akacheza. Mwezi ukaisha, ukaingia wa sita, na mtoto bado anacheza.

Asubuhi moja ya mwezi huo wa sita nilimkuta uani amekaa kwenye mkeka, amefungua sanduku lake la bati. Alikuwa ametoa khanga zake za zamani, zile zilizofuliwa mpaka zikawa laini kama pamba, ambazo kwetu huchanwa nepi za mtoto mchanga. Mwanamke huyu, ambaye hakuruhusu hata neno mtoto litamkwe mezani, alikuwa amezitandaza juani mbele ya kila mpita njia.

"Mama," nikamwambia, "si ni mapema bado?"

Hakuinua uso. Aliuma pindo la khanga kwa meno mpaka likaachia, akanisogezea upande mmoja.

"Shika hapo," akasema. "Vuta kwa nguvu."

Nikavuta, na khanga ikachanika kwa mlio mrefu ulionyooka, mtaa mzima ukasikia.